Pikipiki Iliyolala Ndani Muda Mrefu: Dalili, Chanzo na Tiba

Pikipiki nzima ikiegeshwa ndani miezi minane bila maandalizi, haiamki nzima. Stata inagongagonga tu, petroli inachuruzika chini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), breki ya mbele imeng'ang'ania diski, na kromu iliyokuwa inang'aa imeota vipele vya kahawia. Mwenyewe ataapa kwamba aliiacha haina tatizo, na hasemi uongo. Uharibifu umefanyika ikiwa imesimama. Bahati ni kwamba magonjwa ya pikipiki iliyolala ni machache na yanajirudia, maana wahusika ni walewale watatu: petroli iliyobaki ndani, unyevu wa hewa, na umeme unaovuja kidogokidogo.

Kama yako imeshagoma, nenda moja kwa moja kwenye dalili uliyoiona. Kama ndiyo kwanza unataka kuiegesha, soma zote, kwa sababu nyuma ya karibu kila dalili kuna kitu kilichorukwa siku ya kuegesha.

Kwanza amua: italala au itakuwa pambo?

Swali hili linatangulia spana. Pikipiki ya kulala itarudi barabarani baada ya miezi kadhaa. Pikipiki ya pambo inakaa sebuleni, ukumbini au kwenye jumba la makumbusho, na huenda isiungurume tena kwa miaka. Zinazoharibika vibaya zaidi ni zile ambazo mwenyewe hakuamua: nusu tangi la petroli limeachwa "huenda nikaihitaji", na betri imo "nitaiwasha mara mojamoja". Nusu tangi ndiyo mbaya kuliko yote. Ile hewa iliyo juu ya petroli ina unyevu, na usiku joto likishuka unyevu huo unageuka matone kwenye kuta za chuma. Kutu inaanzia hapo.

Ya kulala, jaza tangi la chuma karibu na shingo kwa petroli mpya iliyochanganywa na dawa ya kuhifadhi petroli, kisha washa injini kama dakika 10 ili mchanganyiko ufike kwenye kabureta, au kwenye nozeli zinazopulizia petroli kwa pikipiki zisizo na kabureta. Ukimimina dawa na kuondoka, umehifadhi tangi peke yake. Halafu funga koki (bomba dogo la petroli chini ya tangi), legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, na uache petroli ya mle itoke yote.

Ya pambo, toa petroli mpaka tone la mwisho. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kufika kwenye mwali wa hita ya gesi iliyo chumba cha pili. Na chumba cha baridi si kinga: petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi joto takriban 40 chini ya sifuri. Tangi likishamwagwa, liache wazi nje, mbali na moto, mpaka harufu iishe. Kisha mimina oili nyepesi ya injini kama nusu kikombe, ligeuzegeuze mpaka kuta zote zilowe, na umwage inayobaki. Tangi kavu lisilopakwa kitu litaota kutu kama lile la nusu.

Stata inagongagonga, taa zinafifia

Usianze kulaumu stata. Pima betri kwa mita ikiwa imepumzika saa kadhaa tangu ilipochajiwa. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ikiwa imejaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, na chini ya 12 hesabu kwamba haina kitu.

Chanzo kiko pande mbili. Betri hujipunguzia chaji yenyewe hata ikiwa rafuni, na hufanya hivyo haraka zaidi kwenye joto. Juu ya hapo, saa, alamu na kompyuta ya injini vinanyonya kidogo mchana na usiku. Betri ikikaa tupu, fuwele za salfeti huota kwenye sahani zake na kuwa ngumu. Ndiyo maana betri iliyolala tupu miezi mingi inaweza kuchajiwa, ikasoma 12.6 vizuri kabisa, halafu ukibonyeza stata inaporomoka chini ya 9. Hiyo imekufa, chaja haitaifufua.

Kama volti ni nzuri na bado inagongagonga, angalia vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Sugua kwa brashi na maji yenye bikaboneti ya soda, suuza, kausha, paka grisi kidogo.

Kinga ni rahisi: chomoa waya hasi kwanza, kisha chanya, toa betri, iweke mahali pakavu penye ubaridi, uiunganishe na chaja inayojizima na kujiwasha yenyewe. Betri ya lithiamu ina tabia tofauti. Ikijaa hupumzika kwenye volti 13.2 au zaidi kidogo, na haitakiwi kuunganishwa na chaja yenye hatua ya kuvunja salfeti, kwani volti kubwa ya hatua hiyo inaiumiza. Ile imani kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya zege inanyonywa, iache. Makasha ya plastiki ya siku hizi hayapitishi umeme kwenda sakafuni.

Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, au inawaka kwa choki tu

Fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu baada ya kuzungusha stata, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, kwa hiyo ama imechacha ama hakuna cheche. Kwenye pikipiki za zamani zenye platini (vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche), nyuso za platini huota ukungu wa oksidi zikikaa bila kufanya kazi; pitisha kipande cha karatasi safi ngumu katikati yake kabla hujaanza kununua koili mpya.

Lakini mara nyingi mkosaji ni kabureta. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi zinazoshika moto kwa urahisi hupaa, na inayobaki huungana na oksijeni ya hewa ikawa ulimbo. Inusie: petroli nzuri ina harufu kali inayopanda puani, iliyochacha inanuka kama rangi ya mafuta ya zamani. Petroli yenye ethanoli ina kasoro ya ziada. Ethanoli hunyonya unyevu, na maji yakizidi mchanganyiko hutengana, maji na ethanoli vikazama chini, palepale koki inaponyonya.

Ukifungua bakuli utaona mwenyewe: utando wa kahawia unaonata, wakati mwingine maganda ya kijani juu ya shaba. Jeti kubwa, kiskrubu chenye tundu la kupitishia petroli, huenda iko wazi. Tazama ile ndogo, ya mwendo wa taratibu. Tundu lake halifiki hata nusu milimita, na ndilo linaloziba kwanza. Ndiyo maana pikipiki inawaka ukivuta choki, ikazima ukiirudisha. Ishike jeti kuelekea dirishani. Usipoona nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili, bado imeziba. Ilowe kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku kucha, kisha puliza hewa ya kompresa. Usiichokonoe kwa sindano ya chuma. Shaba ni laini, ukikwangua tundu likapanuka itakunywa petroli kupita kiasi na hutajua kwa nini. Ukilazimika, tumia unywele mmoja wa waya laini wa shaba.

Pikipiki za nozeli hazina jeti za kuziba, ila pampu yake iliyozama tangini na chujio lake hugandiwa na ulimbo uleule. Ukifungua swichi husikii pampu ikivuma kwa sekunde mbili tatu, anzia hapo.

Petroli inamwagika chini, au oili imepanda yenyewe

Hizi ni dalili za ugonjwa mmoja. Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya linalosukuma sindano izibe njia petroli ikitosha. Ulimbo au chembe ya kutu ikikaa chini ya sindano, petroli haikomi. Ikipata njia ya nje, utaiona sakafuni. Isipoipata, inapita kwenye silinda, inateleza kando ya ringi na kuishia kwenye oili.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha pikipiki yoyote iliyolala, angalia kiwango cha oili na uinuse kijiti chake. Oili iliyopanda juu ya alama na yenye harufu ya petroli isipewe nafasi ya kuzunguka: ni nyepesi, haitalinda beringi. Imwage, tengeneza sindano, weka mpya. Na kama kiki imekuwa ngumu ghafla, toa plagi kabla ya kulazimisha. Silinda ikiwa imejaa petroli haibanwi, na kinachokubali kupinda ni konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Wenye pikipiki za zamani za Kiingereza, Triumph, BSA, Norton na nduguze, wanaijua picha ya kinyume: tangi la oili limeshuka, na ya ndani ya injini imejaa. Injini hizo huweka oili kwenye tangi la pembeni, na pikipiki ikisimama muda mrefu oili hupenya kwenye pampu taratibu hadi chini ya injini. Ukiiwasha hivyohivyo utajaza chumba moshi, na sili zinaweza kusukumwa nje. Fungua nati ya chini, mwaga, rudisha kiwango kwenye tangi, ndipo uwashe.

Injini imekwama, haizunguki kabisa

Hakikisha kwanza gia iko nyutro na si klachi au breki inayokudanganya. Toa plagi. Ikiwa bado haisogei, unyevu uliingia kwenye silinda na ringi zimeshikana na ukuta kwa kutu.

Hapa haraka ndiyo adui. Usitumie stata, utavunja meno yake. Usiivute kwa gari. Mimina kwenye tundu la plagi mchanganyiko wa oili ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, mbali na moto, kisha iache siku kadhaa ukiongeza inapopungua. Baadaye weka gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma, na ulitikise kwa mkono mbele na nyuma, kidogokidogo. Kwenye gia ya juu gurudumu lina nguvu zaidi dhidi ya injini. Ukihisi limesogea hata upana wa kidole, endelea kutikisa. Usilisukume upande mmoja. Ikikataa baada ya wiki kadhaa, fungua kichwa cha injini.

Kinga yake ni kijiko kimoja cha chai cha oili. Siku ya kuegesha, badilisha oili ya injini kwanza, maana iliyotumika ina asidi na maji yanayokula beringi kimyakimya. Kisha toa plagi, mimina kijiko hicho kwenye kila silinda, zungusha injini mara chache kwa mkono ili ienee, rudisha plagi. Ikiwa ni ya silinda moja, iache pistoni juu kabisa kwenye mgandamizo, pale kiki inapogoma: hapo valvu zote zimefungwa na hewa ya nje haiingii.

Sasa kuna ushauri unaotolewa kila mahali: iwashe dakika tano kila wiki "isije ikaganda". Mimi naupinga moja kwa moja. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji yakiwa mvuke. Injini iliyopata moto barabarani inayafukuza. Injini iliyounguruma dakika tano ndani haijafikia joto hilo. Maji yanabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi. Fungua kifuniko cha oili cha pikipiki inayotunzwa hivyo, utakuta povu zito la rangi ya krimu limeganda kwa ndani. Hayo ni maji na oili. Na betri nayo imetoa zaidi ya ilichorudishiwa. Pia moshi wa injini chumbani unaua. Ama iendeshe mpaka ipate moto kweli, ama iache ilale.

Gia ikiingia, pikipiki inaruka mbele ingawa klachi imevutwa

Sahani za klachi zimenatana kwa oili iliyokauka. Kabla ya kuwasha, weka gia ya pili, vuta klachi, isukume pikipiki mbele na nyuma mpaka usikie zimeachana. Zikigoma, pasha injini moto ikiwa nyutro, izime, rudia. Ni dalili inayotisha watu bure, lakini usiijaribu ukielekea ukuta.

Gurudumu halizunguki, breki imeshika

Kuna jaribio moja linalokuokolea kazi ya kubahatisha. Legeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Ikiwa mafuta yanaruka na gurudumu linalegea, kulikuwa na shinikizo lililonaswa: ama paipu imevimba ndani, ama lile tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) limeziba kwa fuwele. Ikiwa hakuna mabadiliko, pistoni za kalipa zimeshikwa na kutu au pedi zimegandamana na diski.

Mzizi ni maji. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kabla ya kuhifadhi, hata kama breki inafanya kazi. DOT 5 ni ya silikoni, hainyonyi maji, na haichanganywi na hizo nyingine. Jina lake linakaribia 5.1 kwa kuwapotosha watu tu. Angalizo kwa wenye pambo: tone la mafuta ya breki ya kawaida likidondoka kwenye tangi linakula rangi. Suuza kwa maji mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu.

Tairi lina bapa, au lina nyufa

Bapa linatokana na uzito kukaa sehemu moja. Jaza upepo hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na inua magurudumu yote mawili kwa stendi, au angalau tumia dabo stendi na ukinge gurudumu lililobaki chini kwa ubao. Ubao unazuia pia mpira usiache doa sakafuni.

Nyufa huletwa na umri, mwanga na ozoni. Mota za umeme zenye kutoa cheche na mashine za kuchomelea hutengeneza ozoni, kwa hiyo pikipiki isilale karibu nazo. Kabla ya kurudi barabarani soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Kwenye pambo linafaa sana, barabarani hapana.

Kromu ina vipele, aluminiamu imepauka, rangi imefifia

Mara nyingi utakuta pikipiki imefunikwa nailoni, na mwenyewe anashangaa kutu imetoka wapi. Imetoka chini ya nailoni. Chuma kikipoa usiku, unyevu ulionaswa unakuwa jasho, na hauna pa kwenda. Tumia shuka la pamba au kifuniko kinachopumua.

Nunua kipimo cha unyevu, ni kifaa kidogo. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukivuka asilimia 60 hivi, kwa hiyo lenga chini ya 50, kwa mashine ya kukausha hewa ikibidi. Usishuke mno ikiwa kuna siti ya ngozi, itakakamaa na kupasuka.

Kromu ina vitundu visivyoonekana, na kutu inaanzia kwenye chuma cha chini yake ikipanda juu. Vipele vichanga vinatoka kwa foili ya aluminiamu iliyokunjwa na tone la maji, kisha nta. Mahali pa kuchunga zaidi ni nguzo za shokapu za mbele, kwa sababu kipele kimoja pale kitakata sili na oili itavuja. Zipake utando mwembamba wa oili, na usiifunge pikipiki kwa mikanda inayokandamiza shokapu miezi yote hiyo.

Kabati la maonyesho lina hila zake. Mbao kama mwaloni na silikoni inayonuka siki hutoa mvuke wa asidi, na ndani ya kioo kilichofungwa mvuke huo unashambulia chuma bila mtu kuelewa kwa nini. Vidole navyo huacha chumvi: alama ya kidole kwenye aluminiamu iliyong'arishwa inaweza kujichora isitoke tena, hivyo shika kwa glavu. Jua la dirishani hufifisha rangi, hasa nyekundu. Geuza pikipiki au weka kioo kinachochuja mionzi.

Inawaka lakini haina nguvu, na kuna harufu ya ajabu

Panya. Fungua boksi la chujio la hewa kabla ya kufungua kabureta. Manyoya, karatasi na maganda vitakuwa mle. Fuata waya zote kwa macho, wanazitafuna. Ziba mdomo wa sailensa na njia ya hewa siku ya kuegesha, lakini kwa kitambaa chekundu kinachoning'inia nje, asije mtu akawasha injini iliyozibwa.

Siku ya kuiamsha

Siku ya kuegesha ulipaswa kufunga kadi kwenye usukani: tarehe, nini kimetolewa, nini kimezibwa. Ya pambo iliyomwagwa oili iandikwe kwa herufi kubwa HAINA OILI, USIWASHE, kwa sababu anayekuja kuinunua miaka mitano baadaye atakuwa na betri mkononi na hamu kubwa.

Ukishasoma kadi, ondoa vitambaa, weka oili na petroli mpya kama zilimwagwa, kagua breki na tairi. Toa plagi, ziegemeze kwenye chuma cha injini mbali na matundu ya silinda, na zungusha stata kwa vipande vya sekunde chache mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi na kuwasha, mlango ukiwa wazi. Itatoa moshi mweupe wa ile oili ya kijiko. Ukipungua baada ya dakika chache, hakuna tatizo. Iache iungurume huku ukipitisha tochi chini ya kabureta, kwenye sili za shokapu na chini ya injini. Kilomita ya kwanza iwe polepole, na breki ijaribiwe ukiwa bado kwenye mwendo wa mtu anayetembea.